Mwalimu Eliudi na Udongo wa Wanawake

Jenoveva alishuka Mombo siku ya Alhamisi kwenda msibani kwao Muheza, akasema atarudi arobaini ikipita. Arobaini ikapita, zikapita na nyingine tisa, na mumewe Mwalimu Eliudi bado alikuwa akilala upande mmoja wa kitanda. Hakumlaumu sana. Mwanamke wa Kibondei, aliyezaliwa kwenye minazi na joto, unamleta Kwemvumo, juu kabisa ya Lushoto, ambako mwezi wa Julai ukungu huingia nyumbani bila hodi! Atakaa? Hakai. "Eliudi," alisema siku moja akiwa ndani ya mablanketi mawili, "mimi sikuolewa na baridi." Akafunga mzigo.

Basi mwalimu akabaki. Shule yenyewe ilikuwa banda la udongo lenye mabati juu, madarasa manne, na mwalimu wa pili aliyehamishiwa Korogwe hakuletewa wa kumrithi. Asubuhi alifundisha madarasa mawili, mchana mawili. Jioni alijichemshia viazi, akala, akaosha sufuria, halafu akakaa. Hiyo ya kukaa ndiyo iliyokuwa kazi. Watu wa Kwemvumo walikuwa wema, hilo nisiwadhulumu. Walimletea kabichi na maharage, walimletea barua zao awasomee. Lakini wakishaketi wenyewe kwa wenyewe walitiririsha Kishambaa cha harakaharaka, naye, ingawa Kibondei na Kishambaa ni ndugu, alifika kwenye kicheko wenzake wameshamaliza kucheka. Heshima alipewa tele. Mtu wa kumuuliza umeshindaje, umekula nini, huyo hakuwepo.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na nne. Ilikuwa miaka ya matuta, serikali inawalazimisha watu kulima matuta milimani, watu wamenuna, na barua yoyote yenye mhuri ilitazamwa kwa jicho baya. Ile iliyomfikia Mwalimu Eliudi mwezi wa Agosti haikuwa ya matuta. Ilitoka kwa Bwana Elimu wa Jimbo, kule Tanga. Ilisema kila shule itafute mtoto mmoja mwenye kipaji cha kuchora, kuchonga au kufinyanga. Atakayewashinda wenzake wilaya nzima atachukuliwa chuo cha kazi za mikono Tanga, miaka mitatu, kula, kulala na kuvaa juu ya serikali, awe mvulana awe msichana. Nyuma ya barua ziliandikwa dalili za kumtambua mtoto wa namna hiyo. Hufanya kazi bila kuambiwa. Husahau kula. Haridhiki na alichokifanya. Huona wasichokiona wenzake.

"Husahau kula!" Mwalimu Eliudi alisema, na hapakuwa na wa kumsikia. "Hapa Kwemvumo nani anasahau kula?"

Lakini nafasi yenyewe haikuwa mchezo. Shule ya Kwemvumo iliishia darasa la nne. Mvulana mwenye baba anayejiweza aliendelea mbele huko Lushoto. Msichana akimaliza, ni jembe na kuni, na hesabu zote za mwalimu zimekwenda na maji. Akiitazama ile barua, mwalimu aliona mlango mmoja umefunguliwa, nao utafungwa mwisho wa Oktoba.

Akaanza kutafuta. Aliwaambia darasa la nne wachore ng'ombe. Loo! Wote wakachora ng'ombe mmoja, yule wa kitabu cha kusomea, anayetazama kushoto na mkia umepinda. Suleimani, mtoto wa mwenye duka, aliyejiona fundi, alinakili simba wa kwenye kopo la majani ya chai, akamnakili sawasawa mpaka na maandishi ya chini. Mwalimu akampa kumi juu ya kumi, akadhani kazi imekwisha. Kibibi binti Shabani, msichana wa miaka kumi na minne, mkimya wa kukaa nyuma, alileta mistari mitatu iliyopinda.

"Hii ni nini?"

"Ng'ombe, mwalimu."

"Ng'ombe gani huyu hana kichwa wala miguu?"

"Amelala, mwalimu. Nyuma ya kichaka. Huu ni mgongo wake."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akampa mbili, naye akacheka, na baadaye alijilaumu kwa kicheko kile.

Siku ya tatu alikuta kitu juu ya kizingiti cha dirisha la darasa. Mtu wa udongo, urefu wa kidole cha kati. Amesimama, mikono ameiweka nyuma, bega la kushoto limeshuka, shingo imetangulia mbele kidogo, anatazama nje. Hakuwekewa uso, maana ametazamwa kwa nyuma. Mwalimu Eliudi alimgeuza mara moja, akajua. Koti lile ni lake, lenye mfuko uliochanika. Bega lile ni lake, Jenoveva alilisema kila alipompigia pasi shati. Na kule kusimama dirishani wakati watoto wanaandika, akitazama barabara ya kutoka Mombo, kumbe mtu alikuwa akimwona. Yeye alidhani ni siri yake. Akavuta kiti akakaa, na machozi yakamtoka, mwanamume mzima wa miaka arobaini na mmoja. Asicheke mtu. Ukikaa mwaka mzima huonekani, siku ukionekana utalia.

"Nani ameleta hiki?" aliuliza kengele ilipolia na watoto wakaingia. Shingo zote ziligeuka nyuma, na Kibibi akaficha mikono chini ya dawati.

Kesho yake mwalimu alimletea udongo mezani, akamwambia afinyange chochote apendacho. Kibibi aliutazama tu. Mwalimu akabembeleza, akaona haifai, akapaza sauti. Msichana akaanza kulia.

"Siwezi, mwalimu. Wewe ni mwanamume."

Jioni ile mwalimu akaenda kwa bibi yake Kibibi. Bibi Mwanamwema, mama yake Shabani, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi wa Kwemvumo. Vyungu vyake vilishuka mpaka gulioni Mazinde, vikapikiwa maharage na watu wa mashamba ya mkonge ambao hawakumjua jina. Alikuwa uani anachambua mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Vuta kigoda."

Akamweleza habari yote, ya barua, ya chuo, ya yule mtu wa dirishani, ila machozi hakuyataja. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Nyie Wabondei mmesoma mpaka mmesahau. Udongo wa shimo letu ni wa wanawake, mwalimu. Mwanamume hashuki shimoni, hamtii macho mwanamke anayefinyanga, hasogelei moto wa kuchomea. Akitia macho, vyungu vinapasuka, na aliyempa nafasi ya kuona hashiki udongo tena. Ndivyo tulivyoachiwa na mama zetu. Chungu kikishapoa, kinunue, kipikie, kivunje ukitaka. Hicho ni chako."

"Lakini bibi, huyu ni mtoto, tena ni kisanamu tu."

"Udongo hauulizi kisanamu au mtungi."

Mwalimu akatoa fomu iliyokuja na barua. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja, akamsomea: *Mimi mwalimu nimeshuhudia kwa macho yangu mwanafunzi huyu akiifanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe.* Halafu sahihi. Bibi akataka asomewe tena. Akaweka mboga chini.

"Mkeo yuko wapi?" akauliza.

"Yuko Muheza."

"Mwite. Mwanamke ni mwanamke hata akitoka Ulaya. Ataketi nasi, ataona, atakusimulia. Macho ya mke si ndiyo ya mume?"

Usiku ule Mwalimu Eliudi aliandika barua ndefu kuliko zote alizowahi kumwandikia Jenoveva. Alimwomba siku mbili tu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mtoto wa watu. Nauli aliiweka ndani. Alishuka Lushoto mara tatu kuulizia posta. Jibu lilipokuja halikuwa na mwandiko wa Jenoveva, alikuwa ameandika kaka yake, Silvano. *Dada anakusalimu sana. Anasema baridi ya huko haijamtoka mifupani. Anasema tena, kama unataka macho, oa mwingine.* Naye Silvano alijua fika kwamba shemeji yake ni mtu wa kanisa, na wa kanisa haoi mke wa pili. Mwalimu aliikunja barua, akaifungua, akaisoma tena, labda kuna mstari aliouruka. Hapakuwa na mstari.

Bibi Mwanamwema alipoambiwa kwamba mke haji, alimtazama mwalimu kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko barua.

"Basi tufanye hivi," alisema. "Jumapili shule haina watu. Nitamleta mtoto na udongo. Nitatundika khanga dirishani na mlangoni. Wewe utakaa nje, mgongo kwetu. Nami nitakaa hapo kizingitini, nimwone yeye, nikuone wewe. Utasikia. Serikali yako ikitaka zaidi ya hapo, mimi nimefika mwisho wangu."

Jumapili ile mvua ilinyesha toka asubuhi, manyunyu yale ya Usambara yasiyo na haraka. Mwalimu Eliudi aliikosa ibada, akaketi juu ya gogo chini ya mabati, mgongo ameuelekeza ukutani, uso kwenye ukungu. Bibi alikaa nje ya khanga ya mlangoni, akichungulia pembeni mwake, na Kibibi kule ndani hakumwona mwalimu wala bibi yake, aliona khanga tu. Kazi ikaanza. Mwalimu akasikia udongo ukipigwa, pa, pa, pa, halafu kimya kirefu, halafu pumzi ya mtu anayevuta kitu kwa uangalifu. Msichana akaanza kuimba chini chini. Mara akaguna, akasema neno moja la Kishambaa ambalo mwalimu alilielewa na ambalo mtoto wa shule haruhusiwi kulisema, na udongo ukapigwa upya. Amevunja, anaanza tena. Haridhiki, mwalimu akawaza. Saa sita bibi akamwita mjukuu wake ale kiazi. Hakuitika. Akamwita tena. Wapi! Husahau kula. Mwalimu akacheka peke yake, na bibi pale kizingitini, ambaye hakujua anachekea nini, akacheka naye.

Ilikuwa siku yake njema kuliko zote alizokaa Kwemvumo. Watu watatu, mvua, na kazi inakwenda. Shingo ilimkakamaa, na hamu ya kugeuka ilimshika mara nyingi, kwa kuwa pengo kati ya khanga na ukuta halikuwa mbali na sikio lake. Hakugeuka. Hata mara moja hakugeuka. Bibi Mwanamwema alikuwa shahidi, na Mungu shahidi wa pili.

Kilichotoka motoni wiki iliyofuata kilikuwa mwanamke mzee anashuka mlima na mzigo wa vyungu kichwani. Mguu mmoja uko juu ya jiwe, wa pili uko hewani, unatafuta pa kukanyaga, na vidole vya mguu ule wa hewani vimejikunja kwa woga, wakati uso umetulia kabisa. Mwalimu alikiweka mezani kwake, akakaa nacho jioni nzima. Akajaza fomu: jina Kibibi Shabani, umri, darasa, kijiji. Akafika kwenye sahihi, kalamu ikasimama. Wiki ile ile alikuwa amemchapa Idd fimbo nne kwa kusema uongo, akamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akaiacha fomu vile, akitumaini kwamba kazi nzuri itamfumba macho Bwana Elimu asitazame chini.

Tumaini gani hilo! Hukuwahi kumwona Mzungu wa ofisini asiyetazama chini ya karatasi.

Bwana Elimu alikuja mwisho wa Oktoba kwa Landrova, na karani wake Rubeni, kijana wa Tanga aliyevaa tai. Zumbe, mtawala wa pale, alikuja na wazee wake kusikiliza, wakihofu kuwa ni matuta. Wanawake walisimama kando ya ua wa shule, na Bibi Mwanamwema alikuwa miongoni mwao. Shabani alisimama na wanaume. Kibibi alisimamishwa mbele, nguo imepigwa pasi. Bwana Elimu alimtazama simba wa Suleimani akamrudisha. Alipomchukua yule mzee wa vyungu, alivua miwani. Alimgeuza, akamgeuza, akaweka ukucha wake penye vile vidole vya mguu. Akasema kitu kwa Kiingereza, taratibu. Rubeni akamwambia mwalimu kwa sauti ya chini kwamba wameshatembea shule kumi na saba na hawajaona kitu.

Kisha akaichukua fomu.

"Mwalimu, hapa hujatia sahihi."

"Bwana, kuna jambo la mila ya hapa. Wanawake wanapofinyanga, mwanamume..."

"Mila naziheshimu," alisema Bwana Elimu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka mno. "Mwaka jana niliheshimu mila mahali pengine, nikaletewa chungu kilichonunuliwa sokoni, mtoto mwingine akakosa nafasi. Mimi nauliza neno moja. Ulimwona msichana huyu kwa macho yako akifanya kazi hii? Ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, nachukua shule nyingine, sina njia."

Rubeni alikuwa ameshika kalamu. Mwalimu Eliudi alimtazama Kibibi, na Kibibi alikuwa akitazama fomu. Akisema hapana, mlango umefungwa, na mikono ile inakwenda kulima matuta. Akisema ndiyo, Kwemvumo nzima inasikia. Alimtafuta kwa macho Bibi Mwanamwema kule uani. Bibi angeweza kupaza sauti akasema mwalimu huyu hakuona, mimi nilikuwepo. Lakini sauti hiyo hiyo ingemrudisha mjukuu wake shambani, na yeye alilijua hilo kama alivyolijua mwalimu. Bibi akainamisha kichwa.

"Nilimwona," alisema Mwalimu Eliudi.

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Akatia sahihi. Wanawake wa pale uani hawakupiga kelele. Mguno mmoja tu ulipita, kisha mmoja mmoja wakajitanda khanga zao wakaondoka. Wazee wakamtazama zumbe, zumbe akatazama gari. Na Kibibi, aliyekuwa ameshinda, aligeuka akamkazia macho mwalimu wake kwa namna ambayo mwalimu, kwa ujinga wake, alidhani ni furaha iliyozidi.

Januari msichana akapelekwa Tanga. Desemba, kabla hajaondoka, wanawake walikuwa wamechoma vyungu kumi na vinne, na kumi na kimoja vikapasuka. Kuni zilikuwa mbichi na ukungu ulikuwa haujanyanyuka siku tano, mie nasema, lakini nani angesikiliza habari ya kuni mbichi wakati mwenye macho anajulikana? Mwalimu akatozwa mbuzi wa kutakasa shimo, akamtoa bila kubisha. Bibi Mwanamwema hakutozwa mbuzi. Yeye aliambiwa asishuke shimoni tena, kwa kuwa ndiye aliyempeleka mjukuu shuleni na udongo, na aliyempa mwanamume nafasi ya kuona. Mwanamke aliyefinyanga tangu akiwa na miaka tisa, akarudi kukaa uani na kuchambua mboga.

Hakuna aliyemtukana mwalimu. Laiti wangemtukana! Watoto waliendelea kuja shule, shikamoo mwalimu, marahaba, kwa sababu serikali inataka. Lakini kabichi hazikuja. Zainabu, aliyemuuzia maziwa, akasema ng'ombe amekauka, na ng'ombe huyo mwalimu alimsikia akikamuliwa kila asubuhi. Akifika kisimani, wanawake walijitwika ndoo zikiwa nusu wakaondoka, ikambidi ateke maji saa saba mchana wakati hakuna mtu. Kilichomchoma zaidi ni barua. Kibibi alikuwa akiandika nyumbani, na Shabani hajui kusoma. Zamani barua zote za Kwemvumo zilipita mkononi mwa Mwalimu Eliudi. Sasa Shabani alipita mbele ya shule na bahasha, mwandiko ule wa mviringo aliomfundisha yeye unaonekana toka mbali, akaenda nayo mpaka Lushoto, mwendo wa saa mbili, akasomewe na muuza nguo wa Kihindi. Mwalimu alisimama dirishani akamtazama anavyokwenda. Hakupata kujua kilichoandikwa hata mara moja.

Mwaka wa pili alishindwa kuvumilia. Akavaa koti siku ya Jumatatu aende kwa zumbe aseme ukweli wote, potelea mbali. Njiani akakutana na Bibi Mwanamwema, na fimbo yake, wawili tu.

"Unakwenda wapi na uso huo?"

"Kwa zumbe, bibi. Nimechoka."

"Ukisema kwa zumbe leo, Alhamisi liko bomani. Wiki ijayo liko Tanga. Watamfanya nini mtoto?"

"Watamrudisha."

"Basi rudi nyumbani, mwalimu." Akamshika mkono, kitu ambacho mwanamke wa Kwemvumo hafanyi, na mikono yake ilikuwa imelainika kwa kukosa kazi. "Mimi najua, na wewe unajua. Tuko wawili. Kuna watu hawana hata mmoja."

Akarudi. Maneno yale alikaa nayo miaka miwili. Alipomwona bibi uani kwake toka mbali, akichambua mboga, alipata nguvu ya kufundisha siku ile. Hawakusalimiana mbele ya watu, ingezua maneno.

Mwaka wa hamsini na nane, mwezi wa Mei, Bibi Mwanamwema akafa. Alianguka asubuhi, alasiri akazikwa, maana Waislamu hawacheleweshi. Mwalimu Eliudi alikwenda mazikoni akasimama nyuma ya wanaume wote, na udongo ulipotiwa alihisi kwamba anafukiwa yeye. Hapana mtu tena duniani anayejua. Ilimjia kwa ghafula hivyo, akashika mti.

Kibibi alifika siku ya pili ya matanga. Alikuwa mtu mzima sasa, viatu miguuni, anakaa chuoni kule kule kama msaidizi, na mwezi wa Novemba angefanya mtihani wa ualimu wa kazi za mikono. Watu walikuwa na fahari naye. Alilia na wanawake, akatoka, akakivuka kiwanja mbele ya watu wote akamfuata mwalimu aliyekaa peke yake kwenye gogo, mbali na mkeka wa wanaume. Mwalimu akanyanyuka. Aliingoja shikamoo ya mwanafunzi wake, tangu ile Januari alikuwa akiingoja.

Kibibi hakumwamkia.

"Nina swali moja," alisema. "Nimekaa nalo miaka minne. Siku ile ulichungulia kupitia wapi? Mlangoni au dirishani?"

Mwalimu Eliudi akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi, mfupi, hauzidi maneno mawili. Lakini alimjua msichana huyu. Yule aliyevunja udongo saa nzima kwa sababu haukumridhisha, akiambiwa kwamba nafasi yake ilipatikana kwa uongo, na kwamba bibi yake aliutunza uongo huo mpaka kaburini, asingekaa nayo siku mbili. Angekwenda mwenyewe kwa Bwana Elimu akaitema. Na mtihani ulikuwa Novemba.

"Dirishani," alisema.

Kibibi akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua. Niliiona khanga ikitikisika."

Kumbe ni upepo.

"Walimnyima udongo kwa ajili yako," Kibibi aliendelea. "Amekufa hana hata punje ya udongo chini ya ukucha. Mimi ndiye niliyemwosha mikono nilipokuwa mdogo, naijua ilivyokuwa. Ungengoja nje tu, mwalimu. Si alikuomba ungoje nje?"

"Aliniomba."

"Basi."

"Nisamehe, binti yangu."

Alimtazama kwa muda mrefu, yeye aliyejua kutazama watu kuliko mtu yeyote pale milimani, akamtazama usoni, na hakuona kitu.

"Nimekusamehe kwa mdomo," alisema. "Moyo bado haujafika."

Akajitanda khanga akarudi kwa wanawake wenziwe. Pale mkekani wanaume walikuwa wameletewa chakula, wakanawa mikono, wakaanza kula. Mwalimu Eliudi alingoja kidogo, labda mtu atasema karibu, kisha akafunga vifungo vya koti akaenda zake.